Kamera na mnyumbuko wa uso wa kitu kilicho katika mwendo

Mkanda wa mashine ya kusaga mahindi, kama zile zinazonguruma mchana kutwa Kizota mjini Dodoma au karibu na soko la mahindi la Kibaigwa, hufanya kazi kwa sababu umevutika. Upande unaoingia kwenye puli ya mota ndio uliokaza, upande unaotoka humo umelegea, na tofauti kati ya pande hizo mbili ndiyo nguvu inayozungusha jiwe au nyundo za kusagia. Mashine ikiwa imezimwa, fundi huukagua kwa kidole gumba: anaubonyeza katikati ya puli mbili na kuona unabonyea kiasi gani. Mashine ikishawashwa kidole hakifai tena, na hapo ndipo swali la makala haya linapoanza: uso wa kitu kinachokwenda kwa kasi unavutika kiasi gani, na mtu anawezaje kukipima kiasi hicho bila kukigusa kitu chenyewe?

Jibu la siku hizi ni kamera. Hata hivyo kamera haioni kuvutika. Inachoona ni mahali ilipo nukta fulani kwenye picha, na kuvutika ni jambo linalokokotolewa baadaye kwa kulinganisha namna nukta jirani zilivyohama. Watoto wa shule wanaokimbia mchakamchaka kwa mstari hueleza jambo hili vizuri: mstari mzima unaweza kuhama kutoka lango la shule hadi barabarani bila nafasi kati ya mtoto na mtoto kubadilika hata kidogo, na mstari unaweza pia kusimama palepale huku nafasi hizo zikiongezeka. Jambo la kwanza ni mwendo, la pili ni mnyumbuko. Katika kitu kilichotulia, kama nguzo ya zege inayojaribiwa maabara, mwendo ni mdogo na hausumbui sana. Katika mkanda unaopita mbele ya lenzi kwa mita 15 na zaidi kila sekunde, mwendo ni mkubwa maelfu ya mara kuliko mnyumbuko unaotafutwa, na takriban ugumu wote wa kazi hii umo katika kuvitenga viwili hivyo.

Mnyumbuko ni badiliko la urefu wa sehemu ndogo ya kitu likigawanywa kwa urefu wa awali wa sehemu hiyo. Kwa kuwa ni uwiano, hauna kizio, na kwa kuwa mara nyingi ni mdogo mno, wahandisi huuandika kwa sehemu kwa milioni. Chuma cha kawaida cha ujenzi, chenye uwezo wa kuhimili mkazo (nguvu kwa kila eneo) wa megapaskali 250 na moduli (kipimo cha ukaidi wake wa kuvutika) ya gigapaskali 200, huanza kuharibika umbo bila kurudi kinapofikia sehemu 1,250 kwa milioni, maana yake kipande cha mita moja kinarefuka kwa milimita moja na robo tu. Mpira una ukarimu zaidi. Mkanda wenye nyuzi za kubebea mzigo ndani yake unaweza kufikia sehemu elfu kadhaa kwa milioni katika upande uliokaza, na mgongo wake huvutika zaidi ya hapo unapopinda kuzunguka puli: ikiwa mgongo uko milimita 3 juu ya nyuzi hizo, na nyuzi zinazunguka kwa nusukipenyo cha milimita 100, kupinda peke yake kunauongezea mgongo asilimia 3. Tofauti hiyo kati ya chuma na mpira ndiyo inayoamua kama kamera ya bei nafuu itatosha au haitatosha.

Kabla ya kamera kulikuwa na geji za mnyumbuko, na geji hizo bado zipo. Mwaka 1938, Edward Simmons huko California na Arthur Ruge huko Massachusetts, kila mmoja kwa njia yake, walibuni geji ya waya mwembamba unaogandishwa kwenye kitu na kubadilisha ukinzani wake wa umeme kadiri kitu hicho kinavyovutika. Kwa usahihi, geji iliyogandishwa vizuri ni vigumu kuishinda hadi leo. Kasoro zake ni kwamba inapima mahali pamoja tu, inahitaji waya au redio ndogo ya kupeleka taarifa nje ya kitu kinachozunguka, na juu ya mpira mwembamba gundi yake yenyewe inaugandisha mpira usivutike mahali palepale panapopimwa. Anayetaka kujua hali ya mkanda mzima, tena ukiwa kazini, hana budi kutafuta njia isiyogusa.

Njia inayotumika zaidi leo ilichipuka katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, W. H. Peters na W. F. Ranson walipochapisha mwaka 1982 wazo la kulinganisha picha za kidijiti za uso uleule kabla na baada ya kupewa mzigo. Uso unapakwa rangi nyeupe isiyong'aa, kisha unanyunyiziwa madoadoa meusi yasiyo na mpangilio. Programu inaigawa picha ya kwanza, yaani picha rejea, katika viraka vidogo vya mraba, kwa mfano pikseli 25 kwa 25, na kwa kila kiraka inatafuta katika picha ya pili ni wapi palipo na mpangilio uleule wa weusi na weupe. Madoadoa yasiyo na mpangilio ndiyo siri ya kazi: yangekuwa mistari inayojirudia kama ya shuka la kimasai, kiraka kimoja kingefanana na majirani wengi na programu isingejua imekipata kipi. Ukubwa wa doa nao una kanuni yake, nayo ni pikseli tatu hadi tano. Doa likiwa dogo kuliko hapo kamera hulisoma vibaya, na likiwa kubwa sana kiraka kinabaki na madoa machache yasiyotosha kukitambulisha.

Ajabu ya njia hii ni kwamba inapima uhamaji mdogo kuliko pikseli yenyewe. Kwa kuwa kiraka kina mamia ya pikseli, na kila moja ina kiwango chake cha mwanga, programu inaweza kukisogeza kiraka kwa sehemu ndogondogo hadi tofauti ya mwanga iwe ndogo kabisa, na katika hali nzuri inafikia usahihi wa kati ya sehemu moja na sehemu tano za mia ya pikseli. Tuchukue mbili za mia. Nukta mbili zilizotengana kwa pikseli 100, kila moja ikiwa na kosa hilo, zinatoa mnyumbuko wenye shaka ya karibu sehemu 300 kwa milioni. Kwa chuma, shaka hiyo ni robo ya safari yote ya kuelekea kuharibika, na mtu makini hatairidhia. Kwa mkanda wa mpira inavumilika. Ukizitenganisha nukta hizo kwa pikseli 500, shaka inashuka hadi karibu 60, lakini sasa unapata wastani wa eneo kubwa na unapoteza uwezo wa kuona mpasuko mdogo unaoanza kati yake. Hakuna programu inayokwepa mabadilishano haya, hata kama picha zake zenye rangi nyekundu na buluu zinapendeza kiasi gani.

Sasa mkanda uanze kwenda. Puli yenye kipenyo cha milimita 200 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika inaupeleka mkanda kwa mita 15.7 kwa sekunde. Tuseme kamera inaona eneo la milimita 200 kwa pikseli 2,000, hivyo kila pikseli ni sehemu ya kumi ya milimita. Ukipiga picha kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, muda ambao mpiga picha wa harusi angeuona ni mfupi sana, mkanda umeshahama milimita 15.7 kabla picha haijafunga, na madoadoa yote yamegeuka michirizi ya kijivu. Ili uhamaji wakati wa picha ubaki chini ya sehemu mbili za kumi za pikseli, unahitaji mwanga wa muda wa sehemu moja ya milioni ya sekunde, au kuzidi kidogo. Ndiyo maana katika kazi hizi mara nyingi si kamera inayosimamisha mwendo, ni taa: chumba kinatiwa giza, kamera inaachwa wazi, na mmweko mfupi wa taa za diodi au wa leza ndio unaoamua wakati wa picha. Ukungu wa picha uliosalia, ukiwa sawa mahali pote na katika picha zote, hauleti mnyumbuko wa uongo mkubwa. Unachofanya ni kupunguza ukali wa madoadoa upande wa mwendo, na hivyo kuongeza shaka. Hatari inakuja pale picha rejea inapopigwa mkanda ukiwa umesimama na picha ya pili ukiwa mbioni, kwa sababu hapo programu inalazimika kulinganisha doa la mviringo na doa lililorefushwa.

Kuna mtego mwingine ambao unaweza kuuona leo ukiwa na simu tu. Elekeza kamera ya simu kwenye pangaboi linalozunguka kwa kasi: mapanga yake yataonekana yamepinda kama jembe la palizi lililochakaa. Kamera nyingi za simu husoma picha mstari kwa mstari, na mstari wa chini unasomwa baadaye kuliko wa juu. Ikiwa kusoma picha nzima kunachukua milisekunde 10, hata kitu kinachokwenda polepole, mita moja kwa sekunde kuvuka picha, kitakuwa kimehama milimita 10 kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Katika picha ya urefu wa milimita 200, hiyo ni kulalia upande kwa asilimia 5, sawa na sehemu 50,000 kwa milioni, na yote ni ya uongo. Programu haitagundua chochote. Itakuchorea ramani safi ya kitu ambacho hakijatokea. Kwa sababu hiyo kazi hii hudai kamera ambazo pikseli zake zote hufunguka na kufunga kwa pamoja, au mmweko mfupi katika giza totoro wakati mistari yote iko wazi.

Mzunguko nao una udanganyifu wake, na huu huwanasa hata wanaojua hesabu. Fomula rahisi ya mnyumbuko inayofundishwa mwaka wa kwanza wa uhandisi inachukulia kwamba kitu kimezunguka kwa pembe ndogo isiyo na maana. Kata kipande cha bati kigumu, kigeuze nyuzi 5 bila kukivuta, halafu tumia fomula hiyo: itakuambia kwamba bati limesinyaa kwa sehemu 3,800 kwa milioni, mara tatu ya kiwango cha chuma kuharibika. Sababu ni kwamba kivuli cha urefu wa bati juu ya mhimili wa awali kimepungua kwa kosini ya pembe, na fomula haijui tofauti ya kivuli na kitu. Kwa nyuzi moja kosa ni 152 tu, jambo linaloeleza kwa nini watu wengi hawalioni katika majaribio ya kawaida na kisha linawashangaza wanapohamia kwenye magurudumu na mapanga. Dawa yake inajulikana tangu karne ya 19: mnyumbuko wa Green na Lagrange, ambao hulinganisha mraba wa urefu mpya na mraba wa urefu wa zamani popote kitu kilipoelekea, hivyo mzunguko mtupu unatoa sifuri kamili. Programu za bure zinazotumiwa vyuoni, kama Ncorr na DICe, zinaukokotoa. Kazi ya mtumiaji ni kuhakikisha ndio uliochaguliwa.

Lakini kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote ni la kitu kusogea kuelekea kamera au kuipa mgongo, kwa sababu linatokea kimya kimya na hesabu pekee haiwezi kulitibu. Mkanda unapokimbia hupigapiga. Ukiisogelea lenzi kwa milimita moja tu kutoka umbali wa mita moja, picha yake inakua kwa sehemu moja ya elfu, na kamera moja haina namna yoyote ya kujua kama mkanda umesogea au umevutika pande zote kwa sehemu 1,000 kwa milioni. Lenzi maalumu za telesentri, ambazo ukubwa wa picha yake haubadiliki kitu kikisogea, hupunguza tatizo hilo kwa vitu vidogo, ila lenzi ya aina hiyo lazima iwe pana kama eneo inaloliangalia, na bei yake huenda na upana huo. Suluhisho la kawaida, lililoelezwa na kundi la watafiti wa South Carolina mwaka 1993, ni kamera mbili zinazoutazama uso mmoja kutoka pembe tofauti, jinsi macho mawili yanavyofanya, ili kila nukta ipewe mahali pake katika pande tatu za nafasi.

Kamera mbili huleta masharti mawili. La kwanza ni ugezi: kabla ya kazi, bamba lenye nukta zilizopimwa kwa uhakika linashikwa mbele ya kamera zote mbili katika mikao mingi, ili programu ijue umbali na pembe kati yake pamoja na upindaji wa kila lenzi. Baada ya hapo mtu akiigusa stendi kwa bahati mbaya, ugezi umekufa na kazi inaanza upya. Sharti la pili ni kupiga kwa wakati mmoja kwelikweli. Kwa mkanda wetu, kamera ya pili ikichelewa kwa sehemu 10 tu za milioni ya sekunde, mkanda umehama milimita 0.157, na ikiwa kamera zimetengana kwa nyuzi 20 programu itautafsiri uhamaji huo kuwa mkanda umesogea mbele au nyuma kwa karibu nusu milimita. Hivyo kosa lile la umbali, ambalo kamera ya pili ililetwa kulifukuza, linarudi kupitia mlango wa saa. Mmweko mmoja unaozihudumia kamera zote mbili huondoa wasiwasi huo, na kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kutanguliza taa nzuri kabla ya kamera ya gharama.

Kwa vitu vinavyozunguka mahali pamoja, kama puli au feni, kuna njia ya kale na nzuri: kipande kimoja cha karatasi inayoakisi mwanga kinabandikwa kwenye mhimili, kitambuzi kinakiona kila kinapopita, na mmweko unawashwa sehemu ileile ya mzunguko. Kitu kinaonekana kimesimama, na picha za mizunguko mingi zinaweza kulinganishwa moja kwa moja. Zipo pia njia za leza zinazotumia mwingiliano wa mawimbi ya mwanga, zenye uwezo wa kuona uhamaji wa sehemu ndogo ya mikromita. Usikivu huo ndio unaozikwamisha kwenye mwendo mkubwa, kwani kitu kikihama zaidi ya kiasi fulani kati ya mapigo mawili ya leza, mistari ya mwanga na giza inayosomwa inafutika. Ni vyombo bora vya kuchunguza mitetemo, si chaguo la kwanza kwa mkanda.

Ukitoka maabara na kuja kwenye uwanda wa Dodoma, mambo ya hali ya hewa yanaingia kwenye hesabu. Mchana wa kiangazi, hewa iliyo juu ya bati, lami au reli hupata joto na kuchemka, na miale ya mwanga inayopita humo inapindapinda. Picha inacheza, na kwa programu mchezo huo ni uhamaji halali. Upepo wa Julai na Agosti unatikisa stendi, na vumbi jekundu linatua juu ya rangi nyeupe likibadilisha madoadoa kati ya picha moja na nyingine. Asubuhi na mapema ndiyo saa ya kazi ya nje, umbali mfupi ni bora kuliko lenzi ndefu, na kivuli kimoja kilichotulia kina faida kuliko jua kali linalohama.

Reli ya treni ya umeme inayoingia Dodoma kutoka Dar es Salaam, ambayo ilianza kubeba abiria hadi hapa Julai 2024, ni mfano mzuri wa jambo ambalo kamera haitaliona hata ikiwa kamili. Reli iliyounganishwa kwa kuchomelea, ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la siku ilipofungwa, ingependa kurefuka kwa takriban sehemu 345 kwa milioni. Haiwezi, kwa sababu imebanwa kwenye mataruma. Ndani yake unajengeka mkazo wa karibu megapaskali 70, lakini uso wake haujahama, na penye uhamaji sifuri kamera inaandika sifuri. Njia ya macho hupima badiliko la umbo kutoka picha rejea. Mkazo uliokuwamo kabla ya picha hiyo, au uliozuiwa usigeuke kuwa umbo, unahitaji chombo kingine. Gurudumu linapopita juu ya reli hiyohiyo hali ni tofauti, kwa kuwa reli inapinda kweli, na kupinda huko kunaweza kufuatiliwa kwa picha za haraka kutoka kando ya njia.

Turudi kwenye mkanda, maana una fadhila moja ambayo vitu vingine havina. Mwaka 1874 mhandisi Osborne Reynolds alieleza kwamba mkanda unaovutika hauwezi kwenda kwa kasi moja pande zote mbili: upande uliokaza, ambao umerefuka zaidi, lazima upite haraka zaidi kidogo ili kiasi kilekile cha mpira kiingie na kutoka kwenye puli kila sekunde. Kwa hiyo tofauti ya mnyumbuko ya nusu asilimia inamaanisha tofauti ya kasi ya nusu asilimia. Ukipiga picha mbili zilizoachana kwa milisekunde moja, upande uliokaza utakuwa umehama milimita 15.70 na uliolegea milimita 15.62. Pengo la milimita 0.08 ni sehemu nane za kumi za pikseli, kiasi ambacho programu inakisoma kwa raha. Picha zilezile zilizokupa mnyumbuko kwa njia ya viraka zinakupa pia kasi ya kila upande, na majibu ya njia hizo mbili yakikataa kukubaliana, una hakika kwamba mojawapo limebeba mwendo ndani yake.

Jaribio la mwisho halihitaji chombo chochote cha ziada. Nyunyizia madoadoa yaleyale kwenye uso wa puli ya chuma cha kuyeyusha na uipige picha ikizunguka kwa kasi ileile, kwa taa zilezile na mipangilio ileile. Nguvu ya kuzunguka kwa mita 15.7 kwa sekunde haiwezi kuinyumbua puli kama hiyo kwa zaidi ya sehemu makumi machache kwa milioni, kwa hiyo chochote kikubwa kuliko hapo ambacho programu itakiandika ni kosa la mfumo wako. Puli ikionyesha 400, tofauti ya 300 kati ya mikanda miwili haina haki ya kuandikwa kwenye ripoti. Elfu 5 za upande uliokaza zinaandikwa, na pembeni yake zinaandikwa zile 400.